Mama Naisiae na Sura ya Saba

Mtu wa kwanza ambaye Noonkipa alimshuku katika jambo hili nilikuwa mimi, na sikumlaumu sana. Kama ningekuwa yeye, na mimi ningeanza na mimi.

Nina duka dogo la vifaa vya shule hapa Handeni mjini, hatua chache kutoka stendi. Nauza kalamu na madaftari, nina mashine moja ya kutoa kopi, na rafu mbili za vitabu vilivyokwisha kusomwa na watu. Noonkipa anauza maziwa banda la jirani, mabichi asubuhi, mgando kuanzia mchana. Wengi wanamwita Mama Naisiae, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mimi ananiita Baba Mwantumu, ingawa miaka miwili ya mwanzo hakuniita chochote. Alikuwa anaingia, anachukua kitabu kwenye rafu, anakigeuzageuza kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, anakirudisha, anaondoka.

Siku moja nikamwuliza anatafuta nini.

"Mahali penye ng'ombe," akasema.

Nikadhani anataka kitabu cha ufugaji. Hapana. Alikuwa anataka hadithi, lakini kabla hajaipeleka nyumbani alikuwa anaipima. Anafunua mpaka apate ukurasa wenye mfugo wowote, anasoma pale, basi. Mwandishi akikosea hapo, kitabu kinarudi kwenye rafu.

"Kama ananidanganya kuhusu ng'ombe ninayemjua," aliniambia, "ataacha kunidanganya kuhusu watu wa mbali nisiowajua?"

Vitabu vingi vilirudi kwenye rafu. Kuna kimoja ambamo mwanamke anaamka alfajiri, anachukua kibuyu, anakaa chini ya ng'ombe na kuanza kukamua. Noonkipa alikuja nacho mpaka mezani kwangu, akaniwekea kidole pale. "Ndama yuko wapi?" akaniuliza, kana kwamba nimemficha mimi. "Ng'ombe wetu hawa hawateremshi maziwa bila ndama kuanza kunyonya." Kingine kilikuwa na ng'ombe aliyepandwa wakati wa kupalilia na kuzaa wakati wa kuvuna. Hicho hakukileta hata mezani, alinionyesha kwa kidevu tu. Halafu kulikuwa na suala la mvua. Kila mtu anapokufa kwenye vitabu, mvua inanyesha. "Baba yangu alifariki mwezi wa pili," akasema. "Jua linapasua fuvu. Walimzika hivyohivyo."

Hata wasomaji wenzake aliwashuku. Akipokea kitabu ananusa kurasa, anaangalia pembe zilizokunjwa, ananiambia aliyekisoma kabla yake alikuwa anakula mihogo ya kukaanga, au analamba kidole kila anapofunua. Mara nyingi alipatia. Kuna muuguzi mmoja, Ritha, mteja wangu mzuri, alikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli ukurasa wa mwanzo nani anakufa mwishoni. Noonkipa alimtambua kwa mwandiko wa kadi ya kliniki. Hakumwambia neno, lakini Ritha alipokuja kununua maziwa, Noonkipa akamwambia, "Leo yamechacha, nakuambia mapema, maana wewe unapenda kujua mwisho." Ritha hakuandika tena.

Lakini kitu kilichomuudhi kupita vyote kilikuwa jinsi Wamasai wanavyosemeshwa vitabuni. Mmasai akiingia kwenye hadithi lazima awe na rungu, lazima aseme "mimi nataka nakwenda," wenzake wamcheke, kisha atoke. Noonkipa, Mmasai mwenyewe, anazungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, mimi Mzigua niliyekuzwa na Kizigua nyumbani. Akikutana na ukurasa wa namna hiyo anafunga kitabu taratibu, anakiweka mbali kidogo, kama unavyosogeza sahani yenye nzi.

Sababu ya kushuku maandishi kiasi hicho aliniambia mwenyewe, siku moja ya mvua za masika, stendi imejaa matope na hakuna mteja.

Baba yake, mzee Parsaoti, alikuwa na eneo la malisho ya kiangazi huko kwao tambarare, lenye bwawa dogo ambalo halikauki mapema. Noonkipa alipokuwa na miaka kumi na mitano, mtu mmoja mwenye uwezo alikuja kuliomba eneo hilo kwa misimu miwili. Mzee akakubali kuazima. Wakaenda kwa karani wa kijiji, karatasi ikaandikwa. Mzee hakujua kusoma, akaomba asomewe. Karani akasoma: misimu miwili. Mzee akaomba asomewe tena. Misimu miwili. Akaomba mara ya tatu, na karani hakukasirika, akasoma pole pole: misimu miwili, kisha ardhi inarudi kwa mwenyewe. Mzee akaweka dole gumba.

Alirudi nyumbani na wino kidoleni, akakataa kuunawa. Siku nne alikula kwa mkono mwingine. Alisema ahadi ikiwa bado mbichi haioshwi.

Misimu miwili ilipokwisha walipeleka ng'ombe wakakuta uzio. Karatasi ilikuwa inasema ametoa eneo moja kwa moja.

"Ndiyo maana nikaenda darasa la watu wazima pale kanisani," Noonkipa akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina watoto wawili. Mume wangu Lesiamon aliniuliza nataka kusoma nini. Nikamwambia nataka kusoma chochote atakachonisomea mtu."

Habari ya zile siku nne, alisema, hajamwambia mtu nje ya nyumba yake. Nikamwahidi itaishia kwangu.

Sasa, Naisiae alifaulu akapelekwa sekondari Korogwe, pale Kwamndolwa, akakaa bweni. Likizo ya mwezi wa sita, akiwa kidato cha tatu, alirudi nyumbani na bahasha nene ya kaki. Ilitoka kwa Mwalimu Loyce, mwalimu wake wa Kiswahili. Mwalimu alikuwa ameandika riwaya, anataka kuipeleka Tanga kuchapwa, na anamwomba Mama Naisiae aisome kwanza amwambie makosa, hasa ya mambo ya wafugaji.

Noonkipa alikuja na bahasha dukani bila kuifungua.

"Kwa nini mimi?" akauliza. "Mwalimu ana shahada. Mimi nina darasa la kanisani."

"Labda anataka ng'ombe wake wawe sawa," nikasema. "Si ndilo unalolilalamikia kila siku?"

"Mtu hakuiti ukague ng'ombe wake ila kama ana shida naye, au anataka kukuuzia."

Hakutaka kusoma kabla ya kuwa na nakala yake. Alisema mtu akimrudishia mwalimu karatasi zake, kesho mwalimu anaweza kusema zilikuwa na maneno mengine. Nikaanza kutoa kopi. Zilikuwa kurasa mia moja na arobaini na kitu, na Noonkipa alisimama juu ya mashine mwanzo mpaka mwisho. Karatasi ilipokwama nikaichomoa imekunjamana, nikaitupa kwenye ndoo. Akainama akaichukua.

"Hii nayo," akasema.

"Imeharibika, Mama Naisiae."

"Inasomeka."

Siku zilizofuata alisoma katikati ya wateja, penseli sikioni. Nilikuwa namwona kupitia dirishani. Mara nyingine anatabasamu. Siku moja alipaza sauti akaniambia, "Huyu mwanamke anajua soko. Mambo ya wauza mboga anayajua." Nikafurahi, kama vile kitabu ni changu. Nikajisemea, leo amepata kitabu ambacho hakitarudi kwenye rafu.

Kesho yake akafunga banda kabla ya saa sita. Keshokutwa yake alifungua lakini hakunisalimia. Nilimwamkia mara mbili, akawa anachota maziwa. Siku ya tatu hivyohivyo. Siku ya nne akaja na karatasi moja, akailaza juu ya kioo cha meza yangu.

"Soma."

Ilikuwa sura ya saba. Mzee mmoja Mmasai, mwandishi amemwita Saibulu, anaingia kwenye ofisi ya karani akipepesuka, kibuyu cha pombe mkononi. Karani anamwonyesha karatasi. Mzee anacheka, anasema, "Mimi hapana jua soma, wewe weka tu, mimi taka rudi kwa pombe." Anaweka dole gumba. Ardhi imekwenda. Halafu, chini kabisa ya ukurasa, mzee anarudi nyumbani na kukataa kunawa kidole siku nne.

Niliposoma mstari huo nikarudi juu nikausoma tena.

"Siku nne," Noonkipa akasema. "Nilimwambia nani habari ya siku nne?"

"Uliniambia mimi."

"Na wewe ulimwambia nani?"

Ningeweza kusema sikumwambia mtu. Lakini ukweli ni kwamba jioni ileile ya mvua nilimsimulia mke wangu, kwa sababu ilikuwa imenikaa moyoni. Na mke wangu kwao ni Kwamndolwa. Nilimwambia Noonkipa yote mawili. Akaikunja karatasi yake.

"Watu wa vitabu mnajuana," akasema, akatoka.

Siku ile nilimwuliza mke wangu kama anamjua Mwalimu Loyce. Akasema amemsikia. Nikamwuliza amemsikia wapi, lini, nani alikuwepo. Akaweka chini mwiko. "Unanihoji mimi kama polisi," akasema. "Nimeongea na mwalimu gani mimi? Mara ya mwisho kwenda Kwamndolwa ni msiba wa shangazi, na ulikuwepo." Chakula kilikuja mezani bila maneno. Wasiwasi wa Noonkipa ulikuwa umenivuka ukaingia nyumbani kwangu, nikaona hili jambo haliwezi kukaa hivi.

Asubuhi nikamfuata bandani kwake. Nikamwambia twende Korogwe, mimi na yeye, tukamwulize mwandishi mwenyewe mbele yangu. Kama nimehusika nitaonekana.

Aliendelea kufuta mitungi. "Kuna mtu mwingine aliyekuwa anajua," akasema baadaye, bila kuniangalia.

Nilikuwa nimeliwaza hilo tangu siku ya kwanza, lakini halikuwa la kwangu kulisema.

"Naisiae hawezi," akasema.

"Si yuko nyumbani? Mwulize."

"Nikimwuliza akasema hapana, nitamwamini?" Akasimama na kitambaa mkononi. "Na akisema ndiyo, je?"

Tulikwenda Jumamosi na gari la saa moja asubuhi. Noonkipa alikaa dirishani, bahasha mapajani, mpaka tunaingia Korogwe. Mwalimu Loyce anakaa nyumba ndogo ya matofali Kwamndolwa, mahindi mpaka karibu na mlango. Ni Msambaa wa Kwashemshi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Alitupokea kwa furaha ambayo ilinipa aibu, nikijua tumekuja na nini.

"Mama Naisiae, karibuni sana. Nimekusubiri wiki mbili nzima. Karibu, baba. Kaeni, chai hii hapa."

Mimi nilikunywa. Noonkipa aliacha kikombe mbele yake. Akatoa mswada na kuanza na sura ya kwanza, kwa utaratibu, kama hana neno lingine. Ndama aanze kwanza, ndipo mwanamke akamue. Mtu hawezi kuswaga ng'ombe kutoka huku mpaka kule kwa siku moja, watakufa njiani. Msichana huyu ana simu ukurasa wa ishirini, lakini ukurasa wa thelathini anaomba simu ya jirani. Mwalimu alikuwa anaandika kila kitu na kushukuru, na mara moja alicheka mwenyewe kwa kosa lake. Saa nzima ikapita hivyo. Nilianza kufikiri Noonkipa amebadili nia.

Kisha akafika sura ya saba.

"Huyu mzee," akasema, "nani amekuambia alikuwa amelewa?"

"Mzee Saibulu? Hakuna aliyeniambia. Nimembuni."

"Na siku nne za kutonawa?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akaniangalia mimi, kana kwamba ninaweza kumsaidia.

"Hilo sikulibuni," akasema.

Akaingia ndani, akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu, akalifungua katikati, akamkabidhi Noonkipa. Ilikuwa insha ya kidato cha pili. Juu imeandikwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka: Siku ambazo babu yangu hakunawa. Pembeni kuna alama nyekundu, kumi na nane juu ya ishirini.

Nilimwona Noonkipa anautambua mwandiko. Mwalimu akanyoosha mkono, akasema, "Nikusomee?" Noonkipa akageuka na daftari, akasimama mlangoni penye mwanga. Anasoma polepole, midomo inacheza kidogo, huwa hivyo tangu alipojifunza. Nje kuku walikuwa wanapekua pekua kwenye mahindi.

Alipomaliza alirudi akasimama mbele ya mwalimu.

"Hapa mzee hajalewa."

"Hapana."

"Na anazungumza vizuri."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mtoto ameandika kweli, ukaja wewe mwalimu wake ukaiharibu."

Mwalimu Loyce alivua miwani. "Nilihitaji sababu," akasema. "Msomaji angeuliza, kwa nini mtu mwenye akili zake timamu aweke dole gumba kwenye karatasi asiyojua inasema nini? Ikabidi kuwe na kitu. Nikaweka pombe."

"Alijua inasema nini. Alisomewa. Mara tatu. Mtoto ameandika hapa, mara tatu." Sauti yake haikupanda. "Mwalimu, unajua hayo ya pombe yalitoka wapi? Tulipolalamika, karani alisema mzee alikuja amelewa, hakusikia vizuri. Baba yangu, ambaye hata pombe ya harusi hakuonja. Lakini watu waliyachukua maneno hayo, maana ni rahisi kuyabeba. Ulevi wa Parsaoti. Amekufa na jina hilo. Sasa wewe hukumjua karani, hukumjua baba, umekaa hapa Kwamndolwa na chai yako, umeandika yaleyale. Nakuuliza mara ya pili. Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu, Mama Naisiae. Haki ya Mungu, hakuna." Akaigeuza miwani mkononi. "Ndicho kilichonijia kwanza. Sikutafuta kingine."

Mimi nilimwamini. Noonkipa sijui. Akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta.

"Ulimwambia mtoto kwamba unaichukua?"

"Nilimwambia nitaitumia kidogo. Alinyamaza."

"Atamwambia nini mwalimu wake?"

"Ni kweli," mwalimu akasema. Akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. "Lakini kuna jambo unapaswa kulijua. Mimi sikuwa nafahamu kwamba wewe unasoma vitabu. Niliwapa wanafunzi watatu mswada waupitie, Naisiae akiwemo. Siku ya kufunga shule akaja ofisini peke yake. Akasema, Mwalimu, mama yangu ni msomaji, mpe yeye kabla hujaupeleka Tanga. Nikadhani anajivunia mama yake tu. Nikampa bahasha."

"Alikuwa amekwisha kusoma sura ya saba?"

"Alikuwa ameusoma wote."

Noonkipa akakaa. Akakivuta kile kikombe, chai imepoa na kufanya utando, akainywa yote bila kupumzika.

Njia nzima ya kurudi hakusema ila jambo moja, tulipokuwa tumeshapita Sindeni. "Mke wako umemwomba radhi?" Nikasema bado. "Mwombe leo," akasema.

Aliyoongea na Naisiae jioni ile alinisimulia baadaye, kidogo kidogo, siku tofauti. Alimkuta anafua. Akamwuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekuambia nimeandika habari za babu shuleni, ungenikasirikia mimi," Naisiae alijibu. "Nikaona usome mwenyewe, utajua wa kumkasirikia."

"Nilikukasirikia wewe hivyohivyo. Nilimkasirikia na Baba Mwantumu."

"Baba Mwantumu kafanya nini?"

Noonkipa aliniambia alichukua nguo moja kwenye beseni akaanza kumsaidia kusuuza. Msichana alikuwa analia, lakini hakutaka ionekane, na mama yake akajifanya hajaona.

Baada ya wiki tatu Mwalimu Loyce alipiga simu. Amemaliza sura ya saba upya, anaomba amsomee Noonkipa kwenye simu. Nilikuwepo. Noonkipa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa adabu, "Lete karatasi, mwalimu."

Akaja mwenyewe Handeni, Jumapili moja mchana. Noonkipa alisoma sura nzima dukani kwangu, mimi na mwalimu tukisubiri kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Mzee Saibulu sasa alikuwa na akili zake timamu, anazungumza kama mtu mwingine yeyote, anaomba asomewe mara tatu, na karani anasoma kwa upole. Ilitisha zaidi kuliko ile ya mwanzo. Hata mimi ninayejua habari nilipoisoma baadaye, nilitamani mzee aombe mara ya nne.

Noonkipa akachukua penseli.

"Hapa mzee anarudi nyumbani na mwezi umeng'aa juu ya boma," akasema. "Ilikuwa saa nne asubuhi."

"Nilitaka kupamba kidogo," mwalimu akasema.

Penseli ikapita juu ya mwezi. Mwalimu akacheka, safari hii na Noonkipa akacheka. Kisha akamwambia aweke sahihi yake chini ya kila ukurasa wa sura hiyo, na mimi nikatoa kopi, naye akasimama pale pale juu ya mashine. Alitaka jambo moja tu zaidi: mbele ya kitabu liandikwe jina la Naisiae, kwamba habari ya siku nne ilitoka kwake. Lake mwenyewe alikataa.

Kitabu kilitoka mwisho wa mwaka, nakala mia tatu. Noonkipa aliilinganisha sura ya saba na kopi zake zenye sahihi, mstari kwa mstari, siku mbili. Alikuta nukta moja imehama, na mahali mchapaji amerudia neno. Alimpigia mwalimu kwa yote mawili. Aliporidhika ndipo akanikabidhi kopi nimhifadhie, maana kwake kuna panya. Nilielewa nimerudishwa kazini.

Hakuniomba radhi. Alikuja siku moja na kibuyu cha mgando, akakiweka juu ya meza, akasema mashine yangu inatoa kopi nyeusi sana upande wa kushoto. Mke wangu, kwa upande wake, mpaka leo nikimwuliza hata chumvi iko wapi ananijibu, "Unataka na shahidi?"

Uzio kule tambarare uko palepale. Hakuna kitabu kilichong'oa hata nguzo moja, na Noonkipa hakutarajia. Lakini nakala kadhaa zilifika kwao, zikasomwa na wanaojua kusoma, na mzee mmoja aliyekuwa rika la baba yake alimwambia kaka yake Noonkipa kisimani, "Kumbe Parsaoti alisomewa." Kaka yake akampelekea maneno hayo kwa simu. Noonkipa aliniambia mara moja tu, akarudi kuchuja maziwa.

Kinachomsumbua sasa ni kingine. Naisiae yuko kidato cha nne. Mwalimu Loyce anasema insha zake zimekuwa nzuri na kavu: umuhimu wa barabara, faida za kupanda miti. Kumi na tatu, kumi na nne. Hakuna tena babu wala bibi wala ng'ombe. Noonkipa anadhani amemfunga mtoto mdomo, na amenieleza hivyo zaidi ya mara moja, kila mara kwa maneno tofauti.

Likizo iliyopita aligundua binti yake ana daftari ambalo halimo kati ya yale ya shule. Linakaa chini kabisa ya tranka, limefungwa kwa kitenge. Aliliona alipokuwa anatafuta sabuni. Nilimwuliza limeandikwa nini, kwa sababu kwa jinsi ninavyomfahamu, nilijua amelisoma mpaka jalada la nyuma.

"Sikulifungua," akasema.

Akaanza kukagua kaunta buku zangu, madaftari ya jalada gumu, kwenye rafu ya juu. Akateremsha daftari moja nene, akachukua kalamu mezani, akachora mstari mzito kwenye ukurasa wa mwisho, akaugeuza na kuuinua kwenye mwanga kuona kama wino umepenya. Haukupenya. Akasema nilifunge vizuri kwenye gazeti, nimpe Naisiae akipita, na akiniuliza limetoka wapi, nimwambie limebaki dukani halina mwenyewe.